Msaada Haulipi Deni la Haki



Makampuni hupenda siku hizi kunena juu ya wajibu wao kwa jamii. Madarasa hujengwa, visima huchimbwa, madawati hukabidhiwa mbele ya viongozi. Mambo hayo ni mema, nasi twayapokea kwa shukrani. Hata hivyo yatupasa tujiulize: je, wajibu wa mwenye mali kwa jirani yake huanzia hapo?

Historia ya Kilosa yatufundisha. Wakati wa ukoloni, vibarua walioletwa kutoka mbali katika mashamba ya mkonge walipewa mahali pa kulala na posho ya chakula. Lakini waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba. Walitunzwa kwa ajili ya kazi yao, si kwa ajili ya utu wao.

Leo tazameni bonde la miwa la Ruhembe, kusini ya Mikumi. Kampuni ya Sukari Kilombero, ambayo Serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa zake mwaka 1998 kwa wawekezaji walioongozwa na Illovo ya Afrika Kusini, hununua miwa ya maelfu ya wakulima wadogo. Mkulima hulipwa kwa uzito wa miwa na kwa kiasi cha sukari kilichomo, na vipimo hivyo hufanyika kiwandani, si shambani mwake. Tena, miwa iliyokwisha kukatwa hupoteza sukari kila siku inapochelewa kusagwa. Basi wajibu wa kwanza wa kiwanda chochote cha namna hii ni mizani inayoaminika, majibu ya maabara yanayoeleweka, na malipo yanayofika kwa wakati.

Vivyo hivyo hoteli za Mikumi, zinazopata wageni kwa sababu ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Mkataba wa maandishi na michango ya hifadhi ya jamii kwa mpishi na mfagiaji hutangulia zawadi za Krismasi kwa yatima.

Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba makubaliano peke yake hayahalalishi ujira usiotosha kumtunza mfanyakazi. Ujira wa haki ni deni, wala si huruma ya mwajiri.

Katika madini, sheria iliyorekebishwa mwaka 2017 humtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Utaratibu huo wafaa kuigwa na wenye viwanda, mashamba na hoteli.

Kwa hiyo, mfadhili ajapo kijijini, mpokeeni kwa heshima, kisha mwulizeni mambo matatu: Je, wafanyakazi wako wamelipwa? Je, wakulima wameruhusiwa kuhakiki mizani? Je, kijiji kilishauriwa kabla msaada huu haujachaguliwa? Mwenye kutenda haki hatachukizwa na maswali hayo.