Tupeni Kiti Chetu

Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, mkoloni alipoitangaza hivyo. Hakumuuliza mtu wa kisiwa chetu cha Pate. Mkoloni kaenda zake, tabia yake imebaki Karura, kwenye ofisi za Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS).

Zaidi ya nusu ya mikoko ya nchi hii imo Lamu. Sasa itazame bodi ya KFS. Mwenyekiti anateuliwa na Rais. Makatibu wakuu wanaingia kwa vyeo vyao. Sheria ya Misitu ya 2016 haikumtengea kiti hata kimoja anayekula kwa mikoko.

Februari 2018 William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais, alitangaza marufuku ya kukata miti kwa siku 90. Sababu? Mito inakauka. Haya, niambieni: mkoko unaoota katika maji ya chumvi umekausha mto gani? Lakini marufuku hiyo ilimwangukia mkata boriti wa Lamu sawasawa na mwenye msumeno wa msitu wa Mau. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena. Lamu ilikuja kulegezewa kabla ya wengine, ila baada ya makelele, na baada ya watoto kulala na njaa. Amri ilitoka juu, najua. Lakini bodi yenye mtu mmoja tu anayetambua ukubwa wa nguzo za mikoko, pau na mazio na boriti, ingepaza sauti siku ile ile.

Watasema bodi ni ya wataalamu. Vyema, na washuke gatini Mtangawanda, hapa Pate. Hapo wanawake wakiongozwa na Zulfa Hassan, yule aitwaye Mama Mikoko, wanarudisha miche kwenye matope yaliyobaki uchi. Wanajua kwamba kati ya mikoko, mlilana hukabili bahari na mkandaa hukaa nyuma. Wanajua mche upi utachukuliwa na maji kabla mwezi haujaandama. Ufilipino walipanda mikoko kwa miaka mingi na mingi ikafa, kwa sababu ilichomekwa mahali pasipo pake. Waliopanga walikuwa na shahada. (Sina ugomvi na shahada, nina ugomvi na shahada isiyotaka kuvua viatu.)

Na gharama ya kutuweka nje imekwisha pigiwa hesabu mahakamani. Mwaka huo huo wa 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari ya Lamu, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kumsikiliza mvuvi mapema kungegharimu nauli na posho.

Basi Bunge libadilishe sheria. Kiti kiwepo, kiwe na kura, na mwenye kukikalia achaguliwe na vikundi vya wapandaji pamoja na wakataji wenye leseni, kwa zamu: Lamu, Tana River, Kilifi, Mombasa, Kwale. Asiteuliwe na waziri. Wala msituletee mwanasiasa aliyebwagwa kwenye kura, mkamvika kikoi na kumwita mwakilishi wa Pwani. Hao tunao wa kutosha.

Na kikao kimoja cha kila mwaka kifanyike Mtangawanda, si hotelini Mombasa. Wajumbe waje kwa mashua kama sisi. Maji yakitoka wakakwama, wangoje yajae, na ajenda yao mapajani.