Uvira: Kumwaga kasiksi ya mama mkimbizi si dawa ya kipindupindu

UVIRA, Kivu ya Kusini – Kila mara kipindupindu kinapoamka katika kartie za kando ya ziwa Tanganyika, vidole vinamwelekea mtu yule yule: mama anayeuza kasiksi. Mitungi inapinduliwa, bidoni zinatobolewa, pombe inamwagwa mtaroni mbele ya watoto. Waliomwaga wanakwenda zao. Kesho yake asubuhi watu wanachota tena maji ziwani, hawachemshi, hawatii dawa, na hakuna anayewauliza.

Kazi hiyo haiwezi kuitwa usafi. Ni kumwadhibu mwenye njaa kwa sababu yeye ndiye aliye karibu na hawezi kujitetea.

Wengi wa mama hao hawakuzaliwa Uvira. Wametoka Kabare, Walungu, milima ya Fizi, na vijiji vya bonde la Ruzizi kama Kamanyola, Luvungi na Sange. Walifika na mtoto mgongoni na furushi kichwani, shamba limebaki nyuma. Mkulima akikosa shamba anabaki na ujuzi wake tu, na kugeuza ndizi kuwa kasiksi ni ujuzi ambao mtoto wa Bushi anaukuta nyumbani. Mikungu michache ya mkopo, unga kidogo wa mtama, bidoni moja na siku chache za kungoja: hapo familia inapata bugali na sombe bila kunyoosha mkono kwa jirani.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayesema «aache pombe, auze kitu kingine» hataji kitu chenyewe ni kipi, wala mtaji utatoka wapi. Na mbaya zaidi ni pale mama anapolipishwa jetoni asubuhi kwa pombe hiyo hiyo, kisha jioni anaambiwa pombe yake ni haramu na kutakiwa matabishi ili bidoni isalimike. Kitu kinachotozwa kodi hakiwezi kuwa halali saa mbili asubuhi na haramu saa kumi na moja jioni. Anayekusanya achague moja.

Hata hivyo, wanaopinga kasiksi wana sababu, na sababu hiyo isidharauliwe. Kasiksi haipikwi motoni. Ndizi zinakandwa kwa mikono, zinakamuliwa kwa majani, kisha maji yanaongezwa. Kama maji ni ya ziwa na mikono imetoka chooni, kidudu cha kipindupindu kinaweza kuingia. Uchachu wa pombe unakidhoofisha, lakini hakuna mwenye akili atakayeweka maisha ya watu juu ya uchachu peke yake.

Swali ni moja: ugonjwa unapita mlango gani? Unapita kwenye maji, kwenye mikono, na kwenye kikombe au mrija ambao watu kumi wanapokezana. Milango hiyo mitatu inaweza kufungwa. Anayemwaga pombe hafungi hata mmoja. Mama atakopa mikungu mingine, atapika kwa kujificha, usiku, kwa haraka, bila taa na bila sabuni, na pombe ya kujificha itakuwa chafu kuliko ile ya kwanza.

Wapo pia wapishi wenyewe wanaojibu kwa kiburi: «Babu zetu walipika hivi na hawakufa.» Hao nao waambiwe ukweli. Babu wa Walungu alichota maji kwenye chemchemi ya mlima, nyumba zikiwa mbali mbali na usiku ukiwa wa baridi. Uvira ni mahali pengine. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, lakini ufuo wa Uvira hauzidi mita 800, na joto lake halilali hata usiku. Nyumba zimebanana, vyoo viko karibu na visima, na mvua kubwa ikinyesha mito inaingia majumbani, kama Mulongwe ulivyofanya Aprili 2020. Njia iliyofaa mlimani ikiletwa hapa bila kubadilishwa inaleta hasara, na wakati mwingine inaleta mgonjwa.

Hasara ya kwanza ni joto lenyewe. Ndizi za kijani zilizofukiwa shimoni na kufunikwa majani zinahitaji siku tano au sita kuiva milimani, lakini kwenye joto la Uvira zinawahi. Anayehesabu siku za Walungu anafukua ndizi zilizokwisha kuoza. Inabidi kufunua na kuangalia kila siku. Ndizi ikiwa ya njano na laini, ikiwa bado haijatoa maji yake, wakati umefika. Iliyopasuka na kutoa harufu itupwe, kwa sababu moja mbovu inaharibu zilizobaki.

Hasara ya pili ni uchachu unaokimbia. Pombe inatengenezwa na hamira, vidudu vidogo visivyoonekana ambavyo vinakula sukari ya ndizi na kutoa kileo na hewa. Joto likizidi, vinafanya kazi kwa fujo na ladha inaharibika. Nyuma yao kuna vidudu vingine vinavyongoja hewa iingie ili vigeuze kileo kuwa siki. Ndiyo maana kasiksi iliyokaa siku tatu Kabare bado inanyweka, na ile ya siku tatu Kavimvira inakunja uso. Mama anapoteza mtaji wote, kisha anasema amerogwa. Kumbe ni jua.

Anayeanza, basi, na aanze kidogo. Bidoni ya lita 20 inatosha: lita 15 za maji ya ndizi na lita 5 za maji yaliyochemshwa. Maji yachemke kabisa, kisha yafunikwe mpaka yapoe, kwa kuwa maji ya moto yakimwagwa juu ya hamira yanaiua. Asiye na makala ya kutosha afikirie hesabu hii: anachemsha lita tano tu, siyo bidoni nzima. Kusema kuni hakuna si udhuru wa kuwanywesha watu ziwa.

Bidoni yenyewe iwe ya chakula. Ile iliyobeba petroli au dawa ya shamba haisafishiki, hata ikioshwa mara kumi, kwa sababu plastiki inanywa kile ilichokibeba. Chombo cha bati nacho hakifai, uchachu unakula madini yake. Ioshwe kwa sabuni, isuuzwe kwa maji ya moto, ikaushwe juani ikiwa imeinamishwa. Mikono ioshwe kwa sabuni hadi viwiko kabla ya kukanda. Majani ya kukamulia yasichumwe kando ya mtaro au mahali mbuzi wanapolala. Yaoshwe nayo kwa maji yaliyochemshwa.

Mtama unakaangwa kidogo, unasagwa, na kutiwa kiasi, kilo moja na nusu hivi kwa bidoni hiyo. Unaleta rangi, ladha na nguvu ya kuanzisha uchachu. Wengine wanatia machicha ya pombe iliyopita ili kuharakisha. Kwenye baridi hilo lina faida, lakini kwenye joto machicha ya zamani yanaleta siki pamoja nayo. Kijiko kidogo cha hamira ya mikate kinafanya kazi hiyo kwa usalama zaidi.

Bidoni ikae kivulini, mahali hewa inapita, imesimama ndani ya beseni la maji, na gunia bichi limeizunguka. Gunia likikauka lilowanishwe tena. Upepo unapopita juu ya gunia bichi unapunguza joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Kuchanganya kufanyike jioni, ili pombe ianze safari yake usiku. Kifuniko kisikazwe: hewa inayotoka ndani ina nguvu ya kupasua bidoni na kumuumiza mtoto aliye karibu. Kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba kinatosha, kinapitisha hewa na kuzuia nzi. Kwa joto la Uvira, siku moja hadi mbili ni nyingi. Ichujwe, iuzwe siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu ya kupika kidogo: lita 20 zinakwisha kabla hazijawa siki, lita 200 zinambakiza mama na deni.

Na vikombe? Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Pombe imepikwa vizuri, lakini wateja wote wanazamishiwa kikombe katika ndoo moja ya maji yaliyobadilika rangi tangu asubuhi. Kikombe kioshwe kwa sabuni na maji yanayomiminwa. Mrija uwe wa mtu mmoja. Nani atalalamika kwa hilo? Mlevi pekee, na mlevi atazoea.

Kisha kuna jambo ambalo wamwagaji hawataki kulitofautisha. Kasiksi si kanyanga. Pombe iliyochachushwa tu na pombe iliyokenekwa, yaani kanyanga au lutuku, ni vitu viwili. Pombe inapopikwa na mvuke wake kukusanywa, kile kinachotangulia kutoka kimebeba sumu inayoweza kupofusha na kuua, na jikoni kwa mama hakuna chombo cha kuipima. Mtambo wenyewe unakula kuni mchana kutwa, unaweza kuwaka moto, na katika nyumba za turubai na mbao moto mmoja unamaliza ukoo. Hapo viongozi wakataze, wakataze kwa nguvu, na wakimbizi wenyewe wawe wa kwanza kuwaunga mkono. Lakini kuwatia wote gunia moja ni kumfundisha mama kwamba kupika safi hakuna faida. Kama adhabu ni ile ile, atachagua kile kinacholeta franka nyingi.

Wachungaji nao na wazazi wanauliza kuhusu walevi. Wana haki. Kuna baba anayepewa mbegu za shirika akazinywa kabla ya jua kuzama, na watoto wake wanalala na maji ya chumvi. Kuna mke anayepigwa kila siku ya soko. Mama anayeuza pombe asijifanye haoni. Yeye ndiye anayejua nani amekunywa vya kutosha. Asimuuzie mtoto, asimuuzie mwanamke mwenye mimba, asipokee mbegu, sabuni wala turubai ya msaada kama malipo, na afunge kabla ya giza. Asipike ndani ya chumba ambamo watoto wanalala. Anayeshindwa masharti hayo aache, na hapo akifungiwa hakuna atakayemlilia.

Masharti hayo si makubwa. Yanawezekana katika kila kartie, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu. Chefu wa kartie anaweza kuwaita wapishi wote asubuhi moja, wenyeji na wakimbizi pamoja, pamoja na muuguzi wa kituo cha afya, akawaonyesha namna ya kutia klorini katika maji ya kuoshea na namna ya kumtambua mgonjwa wa kipindupindu mapema. Akaandika majina yao. Akapita kila wiki kuangalia ndoo, sabuni na bidoni. Jetoni ikabaki moja, yenye risiti. Mwenye kosa akaonywa, akirudia akafungiwa.

Asubuhi hiyo moja ina gharama ndogo kuliko mtungi uliovunjwa. Mtungi ukivunjwa, mama anarudi nyumbani na deni la mikungu, mwenye ndizi anamngoja mlangoni, na mtoto anauliza kuna nini jioni. Ndoo ya maji mabichi aliyoyachota ziwani bado imesimama pale pale pembeni ya mlango. Hakuna aliyeigusa.