Kasisi si nesi wenu!

Jana usiku bwenini tumekufa wote kwenye Dungeons & Dragons, na lawama kaangushiwa nani? Mimi kasisi, eti sikutibu watu. Jamani! Kwa kanuni za 2014 tunazochezea, tiba yangu ya ngazi ya 1 ni dadu moja ya pande 8, naongeza 3. Rungu la zimwi ni dadu mbili hizohizo, jumlisha 4. Mtapona lini? Ila nikibariki watu 3, kila shambulio lao linaongezewa dadu ya pande 4, hadi raundi 10, mradi nisipigwe nikapoteza umakini. Sasa mpiganaji wa kunikinga alikuwa wapi? Anakimbiza vijizimwi mlangoni, peke yake! Leo sitibu mtu aliyesimama. Ukianguka nitakuinua, basi.