Tafiti za Maoni na Haki za Binadamu: Tusikilize Hata Ukimya

Mtu anapobisha hodi akiwa na dodoso mkononi na kutuuliza kama tuko huru kusema tunachofikiri, jibu letu ni ushuhuda. Ndiyo maana tafiti za maoni zimekuwa njia mojawapo ya kufuatilia haki za binadamu. Afrobarometer, iliyoanza mwaka 1999, huwauliza Waafrika wa nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, ni mara ngapi watu hulazimika kuwa waangalifu wanapozungumzia siasa. Mwishoni huwauliza pia wanadhani ni nani aliyeutuma utafiti huo. Swali hilo lina maana yake: anayedhani mgeni wake katumwa na serikali huenda akajibu kwa woga.

Nasi tumejionea kwamba hata mwulizaji huhitaji uhuru. Mwaka 2018, utafiti wa Sauti za Wananchi wa Twaweza ulionyesha kwamba waliokubali utendaji wa Rais walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia. Taasisi hiyo ikadaiwa kibali. Septemba mwaka huohuo, marekebisho ya Sheria ya Takwimu yakafanya kuwa kosa kutangaza takwimu za kupinga au kupotosha zile rasmi. Mwaka 2019 masharti hayo yakalegezwa.

Hata hivyo, wingi wa majibu hauzai haki. Watu wenye ualbino hukadiriwa kuwa mmoja kati ya Watanzania 1,400 hivi. Katika sampuli ya watu 2,400, huenda wakapatikana wawili tu. Taifa laweza kujibu kwamba liko salama, na hao wawili wasilale usingizi. Katika waraka wa *Pacem in Terris* wa mwaka 1963, Mtakatifu Yohane XXIII alifundisha kwamba haki hutokana na hadhi ya kila mtu. Hivyo hazipigiwi kura.

Basi, wapendwa, takwimu tuzipokee kwa shukrani, lakini tusizifanye kisingizio cha kutowatazama jirani zetu. Katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo tunafahamiana kwa majina na kwa nyumba. Tujiulize: ni nani kati yetu ambaye hakuulizwa, na ni nani aliyeulizwa akaogopa kujibu? Tukianza kwa kuwasikiliza hao, tutakuwa tumeanza kuitetea haki.