Rola ya sindano: Mteja aambiwe ukweli kabla ya kulipa

Miongoni mwa bidhaa ndogo zinazovuka mipaka ya Afrika Mashariki siku hizi ipo rola ya sindano, kile kijigurudumu chenye mpini kinachopitishwa usoni ili kulainisha ngozi. Ni nyepesi, katoni moja hubeba nyingi, na wateja wanaiulizia. Kwa mama anayenunua mzigo Kariakoo na kuupeleka Rusumo, au kijana anayeutoa Kikuubo kwenda Busia, hesabu yake ni nzuri.

Hesabu hiyo huharibika pale muuzaji anapoahidi kisichowezekana. Mteja huambiwa kuwa mashimo ya chunusi yatafutika kwa wiki mbili, michirizi ya uzazi itapotea na uso utakuwa kama wa mtoto. Akirudi, hatarudi kununua tena. Atarudi kudai fedha zake, na pengine uso wake una madoa kuliko siku aliyoondoka.

Kazi ya rola inaeleweka. Sindano hutoboa vijitundu vidogo, nao mwili hujibu kwa kujiponya, ukitengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Kazi hiyo ni ya miezi. Hospitalini mgonjwa wa makovu hufanyiwa awamu kadhaa, kwa kawaida zikipishana wiki nne hivi, na matokeo hupimwa baada ya miezi mitatu hadi sita. Hata hapo kovu hupungua kina, mara chache hutoweka kabisa.

Tofauti nyingine ni urefu wa sindano. Rola za nyumbani nyingi zina sindano za milimita 0.2 hadi 0.5. Daktari anayetibu kovu lenye shimo anaweza kufika milimita 1.5 au zaidi, akitumia kifaa safi kisichotumiwa kwa mtu mwingine, na ganzi. Kwa hiyo anayenunua rola ya milimita 0.25 atarajie ngozi kung'aa kidogo na mafuta kupenya vizuri zaidi. Asitarajie mashimo ya chunusi za miaka kumi kufukika. Na anayedhani dawa ni kununua sindano ndefu zaidi na kujichoma mwenyewe sebuleni anajitafutia jeraha.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika ukanda huu. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa huacha madoa meusi kwa urahisi, na makovu yanayovimba na kuendelea kukua huwapata zaidi watu weusi. Mwenye historia ya makovu ya aina hiyo hafai kabisa kuuziwa rola. Vivyo hivyo mwenye chunusi zilizoiva, pumu ya ngozi au kidonda cha mdomoni, kwa sababu rola itasambaza maambukizi uso mzima. Mgonjwa wa kisukari na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda waelekezwe kwanza kwa daktari.

Hatari kubwa zaidi ni mazoea ya kuchangia. Dada wawili hununua rola moja. Mwenye saluni hutumia ile ile kwa wateja watano. Rola iliyogusa damu inaweza kupitisha homa ya ini aina ya B na C pamoja na virusi vya Ukimwi. Si maneno ya kutishana. Mwaka 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa taarifa kuhusu wanawake walioambukizwa virusi hivyo baada ya kufanyiwa urembo wa sindano usoni katika saluni moja ya jimbo la New Mexico. Kuisuuza rola kwa spiriti hupunguza vijidudu, lakini hakuifanyi ifae kwa mtu wa pili. Rola moja ni ya mtu mmoja, na sindano zikipinda au kubutuka itupwe.

Kisha ipo tabia ya kuuza rola pamoja na krimu ya kujichubua. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Kuzipaka juu ya ngozi iliyotobolewa ni kuiingiza sumu ndani zaidi. Hata limau na vipodozi vya asidi havifai saa hizo. Uso uliopitishwa rola unahitaji maji safi, mafuta yasiyo na manukato na kivuli, maana jua ndilo linalozidisha madoa.

Upande wa forodha nao una lake. Wapo wanaodhani kuwa kwa sababu mzigo hauzidi dola 2,000, utapita kwa cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa na kusamehewa ushuru. Cheti hicho ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Rola iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Kampala au Dar es Salaam. Kabla ya kuagiza, mfanyabiashara aulize TMDA na TBS kwa Tanzania, Bodi ya Dawa na Sumu na KEBS kwa Kenya, NDA na UNBS kwa Uganda, au Rwanda FDA. Swali la dakika tano ni nafuu kuliko katoni kuzuiwa mpakani.

Mamlaka hizo nazo zina deni. Maelezo kuhusu vifaa vya aina hii yabandikwe kwenye vituo vya pamoja vya mpakani, kwa Kiswahili, mahali ambapo mchuuzi hupanga foleni, badala ya kumsubiri akosee ndipo anyang'anywe mtaji.

Naye muuzaji aseme mambo manne kabla ya kupokea fedha: urefu wa sindano, miezi ya kusubiri, nani asitumie, na kwamba haichangiwi. Baadhi ya wateja wataondoka bila kununua. Waliobaki watajua walichonunua, na hawatakuwa na sababu ya kumtafuta kwa hasira soko lijalo. Mpaka huvukwa kila wiki, na jina la muuzaji huvuka pamoja na mzigo wake.