NYWELE ZA MTOTO SI NGUMU, ZIMEKAUKA (Sehemu ya 4)

Tunaendelea na mfululizo wetu wa afya ya mtoto nyumbani, na leo tuko kichwani. Najua kuna watakaosema nesi leo kageuka msusi. Hapana jamani. Ngozi ya kichwa ni ngozi kama nyingine, na mtoto akiunguzwa na dawa ya nywele, anayeletewa ni sisi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mtoto wa miaka minne, mitano, sita, hana sababu ya kuwekwa dawa ya nywele. Na ile sababu tunayoitoa siku zote, kwamba "nywele zake ngumu, kila akichanwa analia", mara nyingi tumeitengeneza wenyewe bafuni.

Angalia inavyokuwa. Mtoto anaogeshwa kwa sabuni ya mche, povu lilelile linapanda mpaka kichwani. Sabuni ile kazi yake ni kutoa mafuta na uchafu kwenye nguo. Nywele zetu zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa yanapata shida kuteremka mpaka kwenye ncha. Yaani zina mafuta machache tayari, na hayo machache tunayasugua kila siku. Zinakauka, zinashikana, chanuo linapita kwa nguvu, mtoto analia. Tunachukua mafuta ya mgando tunapaka juu ya nywele kavu. Mafuta hayaleti maji, mama. Yanazuia tu maji yaliyopo yasitoke. Kama hakuna maji, umefunika ukavu. Mwisho wa safari: "huyu apelekwe saluni akawekwe dawa".

Sasa hiyo dawa ni nini? Nyingine nguvu yake inatoka kwenye kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Zile zinazoandikwa hazina kostiki, zikiwemo zenye picha ya mtoto anayecheka kwenye boksi, nyingi hutumia kemikali ya jamii ya chokaa, nayo bado ni kali. Kwenye kipimo cha pH, kinachokwenda 0 mpaka 14, ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5. Dawa hizi ziko 12 kwenda juu. Zinaunguza ngozi, zikiingia jichoni ni dharura, na mtoto akilamba zinaweza kuunguza mdomo na koo. Yote hayo kwa nywele zilizokuwa na kiu tu.

Ninachowashauri ni hiki: siku nyingi za kuosha, tumia kondishena badala ya sabuni. Kondishena ina viungo vinavyosafisha kwa upole. Inaondoa jasho na vumbi jepesi bila kuvua mafuta yote, na inaacha utando unaofanya nywele ziteleze, chanuo lisikwame. Mara moja kwa wiki inatosha kwa watoto wengi.

Fanya hivi:

1. Lowesha kichwa kwa maji ya uvuguvugu mpaka nywele zilowe kabisa. Gawa mafungu manne.

2. Paka kondishena bila ubahili, fungu moja moja. Sugua ngozi kwa ncha za vidole, si kucha.

3. Chambua mafundo kwa vidole, kisha chana kwa chanuo la meno mapana. Anzia kwenye ncha, panda taratibu kuelekea shinani. Usichane zikiwa kavu.

4. Suuza vizuri. Kondishena ikibaki kwenye ngozi inaweza kuleta muwasho.

5. Nywele zikiwa bado mbichi, ndipo upake mafuta kidogo. Hapo umefungia maji ndani.

Kwa nywele zilizokauka sana, mara moja au mbili kwa mwezi acha kondishena nzito kichwani kwa dakika 20 hivi, umemvalisha mtoto kofia ya nailoni, uko naye hapohapo. Usimweke chini ya mashine ya moto. Mafuta ya nazi kabla ya kuosha nayo yanasaidia, ni kati ya mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele wenyewe. Mayai na mayonezi hapana. Protini ya yai ni kubwa mno kupenya kwenye unywele. Yai mpe mtoto ale.

Ila msije mkanisikia vibaya. Kondishena haifuti shampuu. Mafuta, vumbi na mabaki ya kondishena yenyewe hujikusanya, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili au tatu osha kwa shampuu laini, halafu kondishena. Akiwa na mba, au amecheza mchangani mpaka kichwa kimebadilika rangi, ni shampuu moja kwa moja.

Na kondishena haitibu ugonjwa. Ukiona mabaka yenye magamba, nywele zimekatika au zimenyonyoka, pengine na tezi zimevimba nyuma ya shingo, hayo yanaweza kuwa mapunye. Ni fangasi, na wanaambukizwa kwa chanuo, kofia na mashine ya kinyozi. Krimu peke yake haifiki kwenye shina la unywele. Kwa kawaida mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, itakayopangwa kituo cha afya kwa uzito wake. Usifunike mapunye kwa kusuka.

Najua kuna atakayesema kondishena ni gharama. Ni kweli, ni gharama. Lakini jumlisha dawa ya nywele, kurudia kila baada ya wiki chache, na fedha ya msusi. Chupa ya kawaida ya dukani, isiyo na jina kubwa, inafanya kazi hii. Na kama huna kabisa, acha tu sabuni ya mche, osha kwa maji, paka mafuta nywele zikiwa mbichi. Hilo halina bei.

Nywele za binti yako hazina kosa. Kabla hujamwambia ana nywele mbaya, zinyweshe maji kwanza.

Sehemu ya 5 tutaongelea kusuka kwa kukaza, na kwa nini nywele za mbele zinapotea mapema.