Kubadili Kocha Si Kujenga Timu

Alex Ferguson alipostaafu mwaka 2013, Manchester United ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi ya Uingereza kwa mara ya 20. Katika misimu 12 iliyofuata haikuupata tena, na mwaka 2025 ilimaliza ya 15.

Kila mambo yalipoharibika, lawama zilimwangukia kocha. Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær na Ten Hag, wote walifukuzwa. Kila mmoja alikuja na mtindo wake na kutaka wachezaji wake. Aliyemfuata akaanza kwa kubomoa.

Lakini kiini cha tatizo ni uongozi. Mwaka 2012 Paul Pogba aliondoka mkataba wake ulipokwisha. Mwaka 2016 akanunuliwa tena kwa pauni milioni 89. Mwaka 2022 mkataba ukaisha, akaondoka tena. Makocha walikuwa watatu tofauti. Wenye klabu walikuwa wale wale tangu 2005.

Ni dhahiri, basi, kwamba viongozi hawana budi kuamua kwanza timu yao icheze kandanda ya namna gani, ndipo watafute kocha wa kuutekeleza uamuzi huo. Chombo kinachovuja hakizibwi kwa kubadili nahodha. Na wanaozama nacho ni wapenzi wanaolipa kiingilio kila wiki.